Unguja kwa Tiketi ya Mtu Mmoja

Boti ikishafunga gati Malindi, abiria hujigawa bila kuambiwa. Wenye familia hushughulika na watoto na masanduku. Wenyeji hupita langoni bila hata kuangalia pembeni. Wageni wa makundi hutafuta kibao chenye jina la kampuni yao. Anayebaki nyuma kidogo, begi mgongoni, akijifanya anasoma ujumbe kwenye simu, ndiye aliyekuja peke yake. Papasi wa bandarini, yaani wale vijana wanaoishi kwa kuwatafutia wageni hoteli, teksi na matembezi, humjua kabla hajainua macho.

Zamani mtu huyo alikuwa karibu kila mara Mzungu. Siku hizi huenda akawa mwalimu wa Mbeya aliye likizoni, mhasibu wa Nairobi mwenye siku chache za mapumziko, au binti wa Dar es Salaam aliyechoka kuwasubiri marafiki ambao kila Desemba husema "mwakani lazima twende". Vitabu vya utalii havikuandikwa kwa ajili yake. Vinamfundisha kusema "jambo", salamu ambayo akiitumia sokoni Darajani watu watamcheka, halafu vinanyamaza kuhusu mambo anayoyahitaji kweli: kwa nini mlinzi wa hoteli amemsimamisha yeye ufukweni na kumwacha Mzungu apite, au amjibu nini mzee anayemuuliza mumewe yuko wapi.

Ushauri unaotolewa sana kwa msafiri wa namna hii ni kujificha. Asiongee na asiowajua, asiseme yuko peke yake, ajifungie ndani mapema. Ushauri huo una ukweli wake, lakini kwa pwani hii ni nusu ya habari. Unguja ni kisiwa cha watu wanaoulizana hali. Asiyejulikana na yeyote ndiye rahisi kuchezewa, kwa sababu hakuna wa kumuulizia. Anayejulikana kwa jina na mtu wa mapokezi pale alipofikia, dereva mmoja, mama mmoja muuza chakula na ndugu mmoja nyumbani, tayari ana watu wanne watakaoshtuka asipoonekana. Kazi yake ni kuwachagua watu hao mwenyewe, mapema, kabla wengine hawajamchagua yeye.

Maandalizi yenyewe hayana mengi. Mtanzania abebe kitambulisho, maana kitaulizwa wakati wa kukata tiketi ya boti. Anayetoka Kenya, Uganda au Rwanda abebe pasipoti, kwa sababu Zanzibar ina dawati lake la uhamiaji hata kwa aliyepitia Dar es Salaam, pamoja na ile kadi ya chanjo ya homa ya manjano ambayo watu wengi huikumbuka wakiwa mpakani. Tangu Oktoba 1, 2024 wageni kutoka nje ya Tanzania wametakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo ilianza kwa dola 44 kwa mtu mzima. Raia wa nchi jirani aulize utaratibu wa wakati huo kabla ya safari. Kubishana dirishani huku foleni ikimsukuma mgongoni hakujawahi kumfaa mtu.

Kuhusu bahari, kalenda ina maana yake. Upepo wa kusi huvuma kwa nguvu kati ya Juni na Agosti, na mkondo ulio kati ya Dar es Salaam na Unguja huchafuka. Safari ya saa mbili au chini yake kwa boti ya mwendo kasi inaweza kumaliza mifuko yote ya kutapikia. Anayejua tumbo lake lina vituko akae sehemu ya chini, kuelekea nyuma, ambako boti hupanda na kushuka kidogo kuliko mbele.

Lipo pia jambo zito zaidi. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Mwaka uliofuata, Julai 18, 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe bahari ikiwa imechafuka. Katika ajali ile ya kwanza, idadi ya waliokuwamo iliendelea kubishaniwa kwa muda mrefu, kwa kuwa wengi hawakuwa kwenye orodha yoyote. Msafiri aliye peke yake hana mke wala rafiki wa kusema "alikuwa pembeni yangu". Kwa hiyo tiketi iwe na jina lake halisi, isiwe ile iliyonunuliwa kwa mtu mtaani, na kabla ya kupanda aipige picha amtumie ndugu yake pamoja na jina la nyumba ya wageni atakayofikia. Akiona chombo kinaendelea kupakia watu hata viti vilipojaa, asubiri kingine, hata kama nauli imekwenda.

Afike mchana. Kwa mtu anayefika mara ya kwanza, hilo lina uzito kuliko tahadhari nyingine nyingi.

Langoni, mazungumzo ya kawaida huwa hivi.

"Karibu sista. Hoteli? Teksi?"

"Ahsante mdogo wangu. Nimeshapata pa kufikia."

"Wapi?"

"Hapo Shangani, wananisubiri. Jina lako nani vile?"

Kijana atataja jina, mara nyingi kwa tabasamu la mtu ambaye hakutarajia kuulizwa. Kuanzia hapo, yeye ni mtu mwenye jina na mgeni ni dada yake. Bado atajaribu kuuza safari ya kesho, lakini sauti imeshashuka. Aliyepita bila kujibu, au aliyemfokea, atakutana naye tena jioni kwenye bustani ya Forodhani, kwa sababu mji ni mdogo na papasi hawana haraka. Wengi wao ni watafutaji wa riziki tu. Wachache ni wezi, na wachache wanauza bangi, ambayo hapa ni kosa la jinai hata kama muuzaji anaizungumzia kama karanga. Waongoza watalii wenye leseni hubeba kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar. Kuomba kukiona si matusi.

Ni busara kulala Mji Mkongwe usiku mmoja au mbili kabla ya kukimbilia ufukweni. Wengi huruka hatua hii kwa sababu picha walizoziona ni za mchanga mweupe, lakini kwa mtu aliye peke yake mji ndio mahali rahisi zaidi pa kuzoeana na watu. Nyumba zinabanana, vichochoro havipitishi magari, na baraza za mawe zilizojengwa mbele ya nyumba zimekuwa mahali pa kukaa na kuzungumza tangu zamani. Kwenye baraza ya Jaws Corner kuna muuza kahawa mwenye birika na vikombe vidogo vya udongo mweupe, kuna wanaocheza dhumna, na kuna ubishi wa siasa na mpira ambao mgeni anaweza kuuingia kwa swali moja tu kuhusu Simba na Yanga. Kahawa ni chungu, hunywewa na kashata. Mwanamume anayekuja peke yake akikaa hapo nusu saa, kesho yake ataitwa akipita.

Kwa mwanamke hali si ile ile, na hakuna faida ya kujifanya ni sawa. Baraza kubwa za mjini ni za wanaume. Akitaka kahawa atauziwa kwa heshima, lakini akikaa muda mrefu macho yatamchosha. Mazungumzo yake yako kwingine: kwa wapaka hina na piko, saluni, kwa mama anayekaanga vitumbua asubuhi, kwenye madarasa ya mapishi yanayofanyika majumbani. Kwenye saluni ya Mji Mkongwe, kwa muda wa kusukwa nywele, mtu hujifunza bei za teksi, hoteli zinazosumbua wageni weusi na kijana gani wa kuepukwa, mambo ambayo hakuna kitabu kitakachomwambia.

Jioni, wote hukutana Forodhani. Bustani ile ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na jua likizama vijana wa makachu hukimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani kwa mitindo huku watu wakishangilia. Familia za wenyeji hukaa kwenye ngazi na urojo mkononi. Ni mahali salama pa mtu kula peke yake bila kujiona mpweke, mradi mambo mawili yazingatiwe. Bei iulizwe kabla sahani haijajazwa, kwa sababu muuzaji hodari huongeza kamba na pweza huku akipiga soga, na hesabu huja mwisho. La pili, vyakula vya baharini vilivyopangwa mezani tangu alasiri viachwe. Urojo, mishikaki inayotoka motoni na juisi ya miwa inayokamuliwa machoni pake vitamtosha. Anayependa kukaa kitini aende mkahawa wa Lukmaan, Mkunazini, ambako mtu huonyesha kwa kidole anachotaka na kupata meza pamoja na watu asiowajua.

Akipotea kwenye vichochoro, na atapotea, aingie dukani kuuliza. Anayemfuata kutoka nyuma akijitolea kumwonyesha njia si wa kuulizwa. Usiku mkubwa apite njia zenye maduka na taa, simu ikae mfukoni. Wakwapuzi wapo kama katika mji wowote.

Mavazi yanajadiliwa kupita kiasi, lakini kanuni ni nyepesi. Karibu wakazi wote wa Zanzibar ni Waislamu, na mjini na vijijini mabega na magoti hufunikwa. Kanga mbili kwenye begi zinamaliza tatizo hilo. Zitakuwa mtandio, shuka na taulo. Mwezi wa Ramadhani ndio unaotaka uangalifu zaidi, na wabara ndio hujisahau, kwa kudhani masharti hayo ni ya Wazungu. Machi 2024 Polisi Zanzibar waliwakamata watu kwa kula hadharani mchana wa Ramadhani. Hoteli nyingi huendelea kuhudumia wageni ndani, kwa hiyo hakuna wa kulala njaa. Chupa ya maji isinyanyuliwe barabarani, basi. Ajuaye kuvumilia hadi magharibi atagundua kwamba huo ndio mwezi rahisi zaidi wa kualikwa nyumbani kwa watu, maana futari haitaki mtu ale peke yake.

Kutoka mjini hadi ufukweni, daladala ni nafuu sana kuliko teksi. Gari namba 116 huenda Nungwi, 309 huenda Jambiani, na zinapopakilia kwa wakati huo aulize pale alipolala, kwa kuwa stendi za mjini zimehamishwa katika miaka ya karibuni. Ndani ya gari watu wanabanana, ndoo ya samaki iko chini ya miguu, mtoto wa mtu anapakatwa na asiyemjua. Anayeingia husalimia gari zima. Mgeni akae karibu na mama mwenye vikapu, amwambie anakoshukia. Kuanzia hapo konda, mama na nusu ya abiria watakuwa wanafuatilia kituo chake. Teksi haina huduma hiyo. Tatizo la daladala ni jioni, zinapopungua, na mtu akaachwa njia panda ya Paje giza likiingia huku waendesha bodaboda wakimpangia bei wanayotaka. Aondoke mjini asubuhi.

Kukodi pikipiki kunavutia sana, na ndiko kunakojeruhi watu. Barabara ni nyembamba, mchanga humwagika kwenye kona, ng'ombe hawana taa. Mwenye leseni ya pikipiki na mazoea ya kuendesha aende, na helmeti. Asiye na mazoea asianze kujifunza kisiwani.

Sasa ufukwe upi? Swali hili huulizwa kana kwamba fukwe zote ni moja. Upande wa mashariki, kuanzia Matemwe hadi Makunduchi, mwamba uko mbali na pwani, na maji yakipwa bahari hurudi nyuma hadi mtu akatembea kwa miguu mahali alipoogelea asubuhi. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, ufukwe ni wa mteremko na mtu anaweza kuogelea karibu saa zote. Paje pana upepo na vijana wanaocheza na maparashuti ya kuteleza majini, na nyumba za wageni zenye vyumba vya vitanda vingi ambamo mtu hapati nafasi ya kubaki mpweke hata akitaka. Jambiani ni kijiji kwanza, utalii baadaye. Anayetaka kusoma kitabu na kusalimiana na majirani aende huko. Matemwe ni pazuri sana, lakini pamejaa wapenzi wawili wawili, na jioni ya tatu mtu aliye peke yake huanza kuhesabu siku. Kizimkazi wengi huenda kwa ajili ya pomboo, wakaupita bila kuuona msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 1107, mmoja wa misikiti ya kale kabisa katika pwani yote.

Popote atakapofikia, kitu cha kwanza cha kuuliza ni maji. Wenyeji huhesabu kwa mwezi. Mwezi ukiandama na unapokuwa mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, tofauti huwa ndogo. Kwa Unguja, siku za bamvua bahari huwa mbali kabisa kuanzia kama saa nne hadi saa tano asubuhi, na hurudi kujaa alasiri, saa kumi hivi. Kila siku saa husogea mbele kiasi cha dakika 50. Anayelijua hili anapanga siku yake: kutembea mwambani asubuhi, kuogelea alasiri. Asiyelijua hukaa hotelini akinung'unika kwamba ameuziwa bahari isiyo na maji. Ule mgahawa uitwao The Rock, uliojengwa juu ya jiwe Michamvi Pingwe, unaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Maji yakiwa yamepwa wateja huufikia kwa miguu, na hao hao wakikaa kula hadi maji yajae hurudishwa ufukweni kwa mashua.

Maji yakipwa, wanawake wa Paje na Jambiani hushuka kwenye mashamba ya mwani. Wanainama kati ya safu za vijiti, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba moja baada ya nyingine, sketi zimelowa hadi mapajani, mazungumzo hayakatiki. Mgeni anakaribishwa kutazama, lakini anatazama watu walio kazini. Asalimie kwanza, asipige picha bila kuomba, na akiombwa kusaidia kubeba fungu, asikatae. Mwani mbichi ni mzito, na safari ya kutoka nao majini humwachia mtu marafiki. Wanawake hao ni saa pia. Maji hurudi kwa kupitia mifereji ya chini, hivyo mtu aliyesimama juu ya mchanga mkavu karibu na mwamba anaweza kuzungukwa kabla hajaona wimbi lolote mbele yake. Wakulima wa mwani na wachokoa pweza wakianza kurudi, naye ageuke.

Miguuni avae viatu vya mpira. Kwenye majani ya bahari na mawe kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu kama sindano, na mwiba ukikatikia kwenye unyayo ni likizo ya kuchechemea. Wenyeji hupaka utomvu wa papai. Kuloweka mguu kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika husaidia kutuliza maumivu, na mwiba uliozama sana ni kazi ya zahanati.

Hatari kubwa kuliko miiba ni mkondo kwenye mlango wa mwamba. Maji yaliyojaa ndani ya mwamba hutokea hapo yanapopwa, na humvuta mwogeleaji kwenda nje. Anayevutwa asishindane nao kurudi moja kwa moja. Aogelee kando, sambamba na pwani, mpaka atoke kwenye mvuto, ndipo arudi. Na kabla ya kuingia majini peke yake amwambie mtu. Yule mama wa kibanda cha madafu anafaa kabisa: "Mama, naogelea hapo mbele, naomba uniangalizie mfuko wangu." Mfuko unapata mlinzi na mwogeleaji pia, kwa bei ya dafu moja.

Safari za baharini zina mtego wa bei kwa mtu mmoja. Nahodha huuza mashua nzima, siyo kiti, na aliye peke yake hujikuta analipia nafasi za watu sita. Dawa yake ni meza ya kifungua kinywa. Akiwauliza waliokaa karibu kama kuna anayetaka kwenda kisiwa cha Mnemba kesho, bei hugawanyika na kampani inapatikana kwa pamoja. Matembezi ya mashamba ya viungo huko Kizimbani, na safari ya mashua ya siku nzima inayoondokea Fumba, huuzwa kwa kichwa tangu mwanzo, na yanafaa sana siku za kwanza. Kabla ya kupanda, maboya ya kuvaa yaonekane kwa macho. Jibu la "yapo, usijali" halitoshi. Na nahodha akisema leo bahari haifai, asibembelezwe. Aliyebembelezwa akakubali ndiye wa kuogopwa.

Sasa jambo la walinzi. Mbele ya hoteli kubwa, msafiri mweusi anayetembea ufukweni peke yake huweza kusimamishwa na kuulizwa anakwenda wapi, hasa akiwa mwanamke kijana na saa zikiwa zimesogea. Mlinzi ameambiwa azuie papasi na wasichana wa biashara, na yeye huhukumu kwa sura. Inakera, na ni haki ikere. Kinachosaidia wakati huo ni utulivu: salamu kamili, jina la hoteli aliyofikia, ujumbe wa kuthibitisha chumba ulio tayari kwenye simu. Akiwa ni mgeni wa hoteli hiyo hiyo, jioni ile ile aende kwa meneja, siyo kwa mlinzi, na alalamike. Njia nzuri ya kuepuka hayo ni kuhakikisha kwamba mtu wa mapokezi na walinzi wa zamu wanamfahamu kwa jina tangu siku ya kwanza.

Kwa mwanamke, maswali ya ndoa hayaepukiki. Anayeuliza "mume yuko wapi?" mara nyingi ni mzee anayeuliza kama angeuliza hali ya mvua. Jibu fupi, "yupo, amebanwa na kazi", linatosha, liwe kweli lisiwe kweli. Wapo wanaovaa pete kwa safari tu. Namna ya kuitana husaidia kuliko pete: kijana aliyeanza na "mrembo" akijibiwa "mwanangu" au "mdogo wangu", hulazimika kuchagua kati ya heshima na aibu mbele ya wenzake, na wengi huchagua heshima. Kwa asiyechagua hivyo, mgeni aondoke aelekee penye watu, na aseme kwa sauti. Pwani hii watu huingilia kati. Wasiotakiwa kujua namba ya chumba ni wengi: dereva, rafiki mpya wa mchana, hata yule mpole. Picha za mahali alipo zipostiwe baada ya kuondoka hapo.

Usiku wa sherehe, Kendwa hasa siku za mwezi mpevu, una utaratibu wake. Kinywaji hakiachwi mezani. Usafiri wa kurudi hupangwa mchana na dereva yule yule aliyezoeleka, kwa saa inayojulikana na kwa bei iliyokubaliwa. Ufukwe wa kati ya Nungwi na Kendwa hupitika vizuri mchana maji yakiwa yamepwa. Usiku ni giza, hakuna watu, na maji yakijaa njia hujifunga. Sehemu tupu za ufukwe usiku, katika kisiwa chochote, ndizo waporaji hupendelea. Anayetaka muziki na watu wengi bila vurugu hizo apange safari yake Februari, wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara. Nyimbo, watu waliokuja peke yao kutoka kila pembe ya bara hili, na vichochoro vilivyojaa hadi usiku hufanya iwe vigumu kumaliza siku bila kuzungumza na mtu.

Ugonjwa au mkasa ukitokea, Hospitali ya Mnazi Mmoja iko mjini, ya Kivunge iko kaskazini na ya Makunduchi kusini. Namba ya dharura ni 112, na kuna polisi wa utalii. Malaria imepungua sana Zanzibar lakini mbu bado wapo, kwa hiyo chandarua kishushwe. Pesa zigawanywe: kidogo mfukoni, nyingine kwenye simu, akiba na nakala ya kitambulisho chini ya begi chumbani. Ijumaa, kuanzia saa sita mchana hadi swala imalizike, maduka mengi hufungwa, na wakala wa pesa za simu naye yuko msikitini.

Tiketi ya kurudi ikatwe siku moja kabla, na usiku wa mwisho ulaliwe mjini. Anayetoka Jambiani alfajiri akitegemea daladala ya kwanza impeleke bandarini kwa wakati amejitafutia presha bure. Kipindi cha kusi achague boti ya asubuhi, kabla upepo haujashika kasi. Na dereva aliyemhudumia vizuri, namba yake ihifadhiwe kwa jina na kijiji: mwakani, rafiki yule anayesema "lazima twende" akipata likizo hatimaye, au asipopata akaenda mwingine peke yake, kuna mtu wa kumpokea Malindi ambaye ameshafahamika.